Akriliki inabanduka, khanga inachuja: nimekosea wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi niko Tanga, nachora huu mwaka wa pili, nilianza na rangi ya mafuta ya kopo kwenye hadibodi, ile ile ya kupaka mageti, mwaka huu nikahamia akriliki, ile rangi inayochanganywa na maji. Nikajaribu kuchanganya vitu: chini nikapaka kopo nyeusi ikakauka vizuri, juu nikabandika vipande vya khanga na gazeti kwa gundi ya mbao, halafu nikamalizia na akriliki. Miezi 3 tu zimeanza kubanduka, zinatoka kama nyoka anajivua gamba, na wekundu wa khanga umepanda kwenye nyeupe ikawa pinki. Nyeupe nimerudia mara 4, pinki inatokea tena. Ninazo picha 5 za hivi, zinaokoleka?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umefanya vizuri kunieleza hatua kwa hatua maana tatizo liko hapo hapo kwenye hatua. Sioni shida kwenye rangi zako, shida ni mpangilio, umeanza na kile kilichotakiwa kuja mwisho.

Rangi ya kopo ikikauka inatengeneza uso mgumu unaong'aa na hauna vinyweleo, maji hayaingii kabisa. Akriliki nayo ni chembe ndogo sana za plastiki zinazoelea kwenye maji pamoja na rangi, maji yakiruka zile chembe zinabanana mpaka zinashikana zinakuwa ngozi moja, na ili ishike inataka sehemu ya kung'ang'ania, kama kitambaa, karatasi au mbao iliyopigwa msasa. Juu ya kopo inakaa kama maji juu ya jani la mgomba. Siku ya kwanza utaona imekubali, ila kopo linazidi kuwa gumu kadiri muda unavyoenda na akriliki inabaki kuvutika kama mpira, jua likipiga hadibodi ikatanuka kidogo, basi zinaachana. Kwa hiyo shika hivi: vya maji chini, vya mafuta juu. Ukitaka kumalizia na kopo juu ya akriliki iliyokauka sawasawa, hapo hamna ugomvi, kinyume chake ndo hapana.

Najua utaniuliza mbona picha za mtindo wa Tingatinga zinadumu. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kule Dar mwaka 1968 alikuwa anatumia rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya baiskeli, juu ya hadibodi, na wanaomfuata mpaka leo wengi wanafanya hivyo, yaani mafuta chini mafuta juu. Familia moja mwanzo mwisho. Wewe umechukua msingi wao ukaweka nyumba ya aina nyingine juu yake.

Sasa hizo 5. Kila moja ifanyie jaribio mahali pasipoonekana sana: chana msalaba mdogo kwa wembe, bandika selotepu, ikandamize, ing'oe kwa nguvu. Kama rangi imetoka na selotepu, mi siwezi kukudanganya, hiyo bandua yote mpaka chini, piga msasa mpaka ule mng'ao wa kopo uishe, ioshe na sabuni, ikaushe, anza upya na praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikia sehemu laini, muulize muuza rangi anayo. Usipake akriliki mpya juu ya iliyolegea ukidhani utaibana, utakuwa unaongeza uzito tu. Kama selotepu imetoka safi, iache kama ilivyo, na mabadiliko utakayotaka yafanye kwa rangi ya mafuta.

Pinki hii ndo inaumiza watu wengi. Rangi ya khanga inayochuja inayeyuka kwenye maji, sasa kila ukipaka nyeupe unaipelekea maji mapya, inayeyuka tena inapanda na ile nyeupe inavyokauka, ndo maana mara 4 zote jibu lilikuwa lile lile. Nyeupe ya 5 haitasaidia. Chukua midiamu ya akriliki, ile isiyo na rangi, pitisha tabaka jembamba sana bila kusugua, ikaushe haraka na draya ya nywele, rudia mara 3 hivi, acha siku 2 au 3, kisha weka tone la nyeupe pembeni. Kesho yake tone likiwa bado jeupe, endelea. Likigeuka pinki, badilisha mchoro mahali hapo, weka chungwa au kahawia au wekundu wenyewe. Mi nishabadilisha hivyo picha ya soko, anga la asubuhi likawa la magharibi, na naipenda hivyo.

Safari ijayo khanga ishughulikie kabla. Khanga mpya ina wanga ndo maana ni ngumu, huo wanga unazuia gundi isiingie kwenye nyuzi, kwa hiyo ifue kwa maji moto na sabuni tena na tena mpaka maji yatoke meupe. Halafu ilowanishe, iweke juu ya kitambaa cheupe, pitisha pasi ya moto, kitambaa kikipata doa rudi kwenye beseni. Ile iliyovaliwa miaka na kufuliwa mara mia ndo bora kabisa, kama mama ana ya zamani iliyochanika muombe. Ukibandika weka midiamu chini na juu, sukuma mapovu kwa kadi ya simu ukianzia katikati kwenda nje. Gundi ya mbao mi siitumii kwa kitambaa, nyingi zinalainika tena zikipata maji, na unyevu wa pwani unaujua.

Gazeti litageuka njano hata ukilipaka nini, karatasi yake ndo ilivyo. Piga fotokopi ya ukurasa unaoutaka kwenye karatasi nzuri, ila iwe mashine ya wino wa unga, ile printa ya wino wa maji nayo itachuja.

Na maji kwenye akriliki usizidishe, ukitaka nyepesi sana ongeza midiamu, maana maji mengi yanazitawanya zile chembe zinashindwa kushikana, rangi inakuja kutoka kama chaki kwenye kidole.

Jambo moja hukuuliza ila nalisema kwa sababu limenigharimu: akriliki ikipata joto inalainika. Mwaka mmoja nilisafirisha picha 2 kwa basi nikiwa nimezilaza uso kwa uso, kufika zimegandana, kuzitenganisha kila moja imeondoka na kipande cha mwenzake. Weka karatasi ya kuokea keki katikati, au zisimamishe zisigusane kabisa.

Anza na ndogo kuliko zote kati ya hizo 5, jaribio la selotepu kwanza, halafu niandikie imetokaje.