Elvis Presley mbele ya kamera

Swali: Mhariri, je, mwimbaji wa Marekani Elvis Presley alikuwa mwigizaji wa kweli, au filamu zake zilikuwa njia ya kuuza nyimbo tu?

Jibu: Kipaji alikuwa nacho, nami nasikitika kwamba hakikulelewa. Kati ya 1956 na 1969 aliigiza katika filamu 31, na katika King Creole ya 1958, iliyoongozwa na Michael Curtiz, anaibeba vyema hasira ya kijana wa New Orleans hata pale asipoimba. Baada ya kutoka jeshini mwaka 1960, mafanikio ya filamu ya Blue Hawaii yalimfanya meneja wake, Tom Parker, ang'ang'anie mtindo uleule wa fukwe, wasichana na nyimbo nyepesi, ingawa Presley mwenyewe alitamani kuigiza wahusika wazito zaidi. Itazame kwanza King Creole.