Unataka kuwa gema wa kulipwa? Ngoja nikwambie yaliyonikuta

Kila wiki lazima nipate meseji ya namna hii, "kaka nacheza balaa, nataka niwe pro, naanzia wapi?" na chini yake kaweka klipu, kaua watu watano peke yake ndani ya gemu, muziki unapiga juu, madoido yote. Na huwa sijui nimjibu nini harakaharaka kwa sababu miaka kadhaa nyuma huyo alikuwa mimi. Sasa leo naandika yote kwa mpigo, mtu akiniuliza tena namtumia linki.

Ugonjwa wangu ulinianza 2018. Mwaka ule timu ya OG walibeba The International, mashindano makubwa kuliko yote ya Dota 2 (gemu la kompyuta, watano kwa watano), kule Vancouver, Kanada, na walifika pale kupitia mchujo wa wazi, ule ambao hata wewe na washkaji zako mnajiandikisha tu mnaingia. Miezi michache kabla timu ilikuwa imemeguka, wachezaji wawili wamehamia kwa wapinzani, wakaungaunga kikosi upya, afu haohao wakaenda kuwapiga PSG.LGD, timu ya China, fainali 3-2 na kuondoka na dola zaidi ya milioni 11. Nilikesha naangalia na kulipopambazuka nilikuwa nimeshayapanga maisha yangu yote. Kama hawa wameweza mi nashindwaje?

Kumbe kuna vitu niliviona nikajifanya sijaviona. N0tail, kapteni wao, alishakuwa na mataji manne ya Major (mashindano makubwa yanayofuatia The International) na alikuwa anacheza kwa kulipwa tangu enzi za Heroes of Newerth, gemu lingine la namna hiyo. Topson, mwenzake kwenye timu, ndo kwanza alikuwa anapanda jukwaa kubwa namna ile lakini kwenye ranki za mtandaoni alikuwa mtu wa kuogopwa muda mrefu tu. Mlango ulikuwa wazi kwa wote, sawa, ila waliopita hawakuwa watu wa kubahatisha.

Basi nikaanza kucheza. Masaa kumi, kumi na mbili kwa siku, chuo nikaahirisha mwaka mzima (nyumbani niliwaambia mengine kabisa, tusiingie huko). Nikapanda mpaka Immortal ambayo ndo ranki ya juu kabisa na kwenye magrupu nikaanza kuitwa legendi. Sasa sikia, Immortal haina dari. Aliyeingia jana na anayeshika namba kumi kwenye seva nzima wote wanaitwa Immortal, na huyo wa jana akikutana na huyo wa namba kumi anachezewa kama mtoto. Mi nilikuwa huyo wa jana.

Tukaunda timu ya watu watano, tukajisajili mchujo wa wazi, tukapigwa 2-0 na mechi zote mbili zikaisha mapema hata chai sijamaliza. Nikalaumu ping (mtandao kuchelewa), nikalaumu mwenzetu wa sapoti, nikalaumu apdeti mpya. Miezi ikapita hivyohivyo, tunapigwa, tunalaumiana, tunabadilisha mtu mmoja, tunapigwa tena.

Aliyenifungua macho ni jamaa mmoja alikuwa kocha wa timu iliyotutoa. Akaniuliza, rikodi za mechi mlizofungwa unaziangalia? Nikasema ndio. Uongo mtupu, nilikuwa naangalia nilizoshinda, tena nikikatakata klipu za kupost. Usiku ule nikapakua mechi kumi nilizofungwa nikakaa na daftari, kila nikifa naandika dakika na sehemu. Aisee. Saba kati ya hizo kumi nilikufa sehemu ileile, kabla ya dakika ya kumi na mbili, kwa kosa lilelile la kusogea mbele kabla wodi haijawekwa, kile kitu cha ndani ya gemu kinachokuonyesha adui alipo. Yaani yale maelfu ya masaa niliyokuwa najivunia nilikuwa najizoeza kukosea, na kukosea kwa kasi zaidi kila siku.

Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza, na ukitaka chukua huu peke yake mengine acha, ni kwamba kucheza sana siyo mazoezi. Mazoezi ni kuchagua kitu kimoja, kwa mfano wiki hii sifi kizembe kabla ya dakika ya kumi, unacheza mechi tatu ukiwaza hicho tu, unarudi kwenye rikodi unaangalia kama kweli, hasa upande wa adui uone yeye alikuwa anakuona vipi. Inachosha na haina raha hata kidogo. Wengi wanaopenda gemu, na mi nikiwemo, hii sehemu hawaipendi, na hapo ndo utajijua kama hii ni kazi yako au ni starehe yako. Zote mbili ni sawa lakini usizichanganye.

Halafu hela. Watu wanaona dogo wa Marekani, Bugha, kabeba dola milioni 3 za gemu la Fortnite mwaka 2019 akiwa na miaka 16 wanachanganyikiwa. Zile ni hela za mtu mmoja siku moja. Mchezaji anayeishi kwa gemu anaishi kwa mshahara wa timu, sponsa na kustriimu, na zawadi ikija ni kama mvua ya msimu. Tena hiyo mvua ina mwenyewe. Mpira wa miguu hauna mmiliki wa kusema kesho tunauzima lakini gemu linaye. Blizzard, kampuni ya magemu, mwishoni mwa 2018 walifuta mashindano ya gemu lao la Heroes of the Storm kwa tangazo moja, wachezaji, makocha, watangazaji, wote wakabaki wameshika kiibodi hawana pa kwenda. Hata Dota yenyewe, zawadi za The International 2021 zilipita dola milioni 40 kwa sababu asilimia 25 ya mauzo ya ile pasi ya vita (tiketi ya vitu vya ziada ndani ya gemu) watu wa kawaida waliyokuwa wanainunua ilikuwa inaingia kwenye mfuko wa zawadi, ila Valve wenye Dota walipoachana na hiyo pasi mwaka 2023 mfuko ukashuka mpaka kama milioni 3. Wachezaji ni walewale na jasho ni lilelile. Ukichagua gemu angalia mwenye nalo bado ana hamu ya mashindano au ameshachoka.

Mkataba sitasema mengi kwa sababu bado unaniuma. Mi niliwahi kusaini na timu fulani bila kusoma kurasa zote, nilifurahi tu kuona nembo yenye jina langu chini. Kumbe zawadi zinapitia kwao kwanza, hakuna tarehe ya kulipwa, na nikitaka kuondoka kabla ya muda inabidi anayenitaka anilipie. Hela ya mashindano ya mwisho sijaiona mpaka leo. Mtafute mtu anayejua sheria akusomee, hata kama ni rafiki wa rafiki. Na kama hujafika miaka 18 mzazi lazima awepo, usijifiche.

Mwili pia jamani. Faker ambaye hakuna mkubwa kuliko yeye kwenye gemu la League of Legends alikaa nje wiki kadhaa mwaka 2023 kwa maumivu ya mkono, na Uzi, mchezaji wa China wa gemu hilohilo, alitangaza kustaafu 2020 akiwa na miaka 23 sababu ikiwa ni afya. Mi mkono ulianza kufa ganzi nikawa nautingisha na kuendelea. Ujinga. Ukisikia ganzi simama, na kiti na meza virekebishe leo kabla hujanunua mausi ya bei mbaya.

Nilijiwekea tarehe. Nilisema ikifika hiyo siku bila kuvuka mchujo hata mmoja narudi chuo, nikaiandika ukutani ili nisiisogeze. Ikafika, nikarudi. Nililia kidogo, sio siri. Ila kwenye kuhangaika huko kuna mashindano madogo walikosa mtu wa kuongoza kamera ndani ya gemu, yule anayeamua nyinyi mnaoangalia mnaona nini, nikajitolea bure. Ikaja kugundulika nina jicho, kwa sababu kufa mara zote zile kumenifundisha mtu anakaribia kufia wapi, kwahiyo kamera yangu inafika kabla ya vita kuanza. Hiyo ndo inayonilisha sasa hivi. Na kuna utangazaji, uchambuzi, ukocha, urefa, kazi zipo nyingi nyuma ya wale watano waliokaa kwenye viti, na hazikuulizi ranki yako sana.

Sasa ukitaka kunitumia meseji nitumie, ila klipu ya kuua watano sitaki. Nitumie rikodi ya mechi uliyopigwa vibaya zaidi mwezi huu na uniambie wewe mwenyewe ulikosea wapi. Hili nimeshawaambia watu wengi sana, mpaka leo waliotuma ni wawili.