Kabla ya kuigawanya 4,294,967,297: ushauri kwa wanaoanza nadharia ya namba

Wanafunzi wengi ninaowafundisha, wakipewa namba kubwa na kuulizwa kama ni namba tasa, huanza papo hapo kuigawanya kwa 3, kwa 7, kwa 11, wakipanda hivyo hivyo mpaka wachoke. Ninyi mnaoanza nawasihi mwangalie kwanza namba hiyo imeundwaje, na mfano ninaoupenda kuliko yote ni 4,294,967,297.

Namba hii ni 2³² + 1. Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, aliona kwamba 3, 5, 17, 257 na 65,537, ambazo zimeundwa kwa kanuni hiyo hiyo (2¹ + 1, 2² + 1, 2⁴ + 1, 2⁸ + 1 na 2¹⁶ + 1, kipeo kikiongezeka maradufu kila mara), zote ni tasa, akaamini kuwa zinazofuata nazo ni tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler, mwanahisabati Mswisi, alionyesha kwamba inayofuata, yaani hii yetu, inagawanyika kwa 641.

Anayegawanya bila mpango anaweza kulazimika kujaribu namba tasa zote zisizozidi kipeuo cha pili cha namba hii, nazo ni 6,542. Euler alithibitisha kwamba kila kigawo chake kilicho tasa, kikipunguzwa 1, lazima kigawanyike kwa 64. Namba tasa za aina hiyo zinaanza na 193, 257, 449, 577 na 641, kwa hiyo kazi inakwisha kwenye jaribio la tano. Huo ndio ufundi ninaotaka muuzoee, kwa sababu uthibitisho mmoja umeondoa maelfu ya hesabu.

Hata kugawanya kwenyewe si lazima. Tazameni kwamba 641 ni 5 × 2⁷ + 1, na papo hapo ni 5⁴ + 2⁴. Kwa sababu ya umbo la kwanza, 5 × 2⁷ ikigawanywa kwa 641 inalingana na −1 (yaani tofauti ya namba hizo mbili inagawanyika kwa 641), na tukiipandisha kwenye kipeo cha nne tunapata kwamba 5⁴ × 2²⁸ inalingana na 1. Umbo la pili linaturuhusu kuweka −2⁴ mahali pa 5⁴, hivyo −2³² inalingana na 1, na 2³² + 1 haiachi baki lolote. Andikeni hatua hizi kwa mkono, bila kikokotoo, hadi kila moja iwe wazi kwenu.

Kigawo cha pili ni 6,700,417, ambacho nacho ni tasa. Mkitaka kukihakiki, chujio lile lile la 64 linatosha, na kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589.

Ipo njia nyingine ambayo haihitaji kigawo chochote. Namba tasa haiwezi kuandikwa kwa namna mbili tofauti kama jumla ya vipeo viwili vya pili. Yetu ni 65,536² + 1², lakini pia ni 62,264² + 20,449².