Rafiki anifuate na gari?

SWALI: Najiandaa kwa Tour Divide, mbio za baiskeli za masafa marefu. Je, rafiki yangu anaweza kunisubiri njiani na chakula na tairi za akiba?
Msomaji, Arusha

JIBU: Hapana, kaka. Kutoka Banff, Kanada, hadi Antelope Wells mpakani mwa Meksiko, karibu kilomita 4,400, unajitegemea. Dukani utanunua, kwa fundi utatengeneza, mradi huduma hiyo iko wazi kwa kila mshiriki. Mimi ningehangaikia maji kuliko tairi: Great Basin kule Wyoming ni kame mno, jaza kila chupa kabla hujaingia. Na New Mexico mvua ikinyesha, tope hunata hadi magurudumu yanagoma kuzunguka. Shuka, kwangua kwa kijiti, beba baiskeli begani. Dawa ya kupulizia dubu, nakusihi, ifunge kwenye usukani, isikae ndani ya begi.