Maswali ya Wasomaji: Falafel inasambaratika kwenye mafuta

Swali: Naanza kujifunza vyakula vya barabarani vya Waarabu na Waturuki. Dengu za falafel (madonge ya dengu zilizosagwa na kukaangwa) nilizichemsha zikaiva vizuri, lakini madonge yakasambaratika kikaangoni. Na je, shawarma na döner ni kitu kimoja? — Msomaji, Ngamiani, Tanga

Jibu: Kosa ni kuchemsha. Dengu iliyokwisha kuiva haina tena wanga mbichi wa kushikisha donge. Fanya kama unavyofanya bajia za kunde: loweka dengu kavu nusu kilo kwa saa 12 hadi 18, zichuje zikauke kabisa, uzisage mbichi pamoja na kitunguu maji 1, punje 5 za kitunguu saumu, fungu la majani ya giligilani, kijiko cha chai cha bizari nyembamba na chumvi. Maji usitie hata tone. Finya kiganjani: ikishikamana huku ungali unahisi chembechembe, acha kusaga. Ikiwa laini kama uji, itatoka nzito ndani. Dengu za kopo zimeshapikwa, hazifai. Tupia chembe kwenye mafuta. Ikipanda upesi na mapovu, kaanga, madonge machache kwa mara moja ili mafuta yasipoe.

Shawarma na döner ni ndugu: majina yote yanatokana na maneno ya Kituruki ya kuzunguka, kama nyama inavyozunguka kwenye mshikaki uliosimama. Ya Waarabu hupenda zaidi mdalasini, iliki na mchuzi wa tahini (ufuta uliosagwa). Kwa anayeanza, tunashauri falafel kwanza: haihitaji mtambo wa kuzungusha nyama.