Anza na gata, si na msitu

Ukipita kati ya Mafinga na Makambako, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, mwezi wa tano, utawakuta watu mashambani wanasafisha barabara za moto (mikanda mitupu ya kuzuia moto usivuke) kwenye mipaina yao. Kazi nzuri. Wafuate jioni mpaka nyumbani: mabanzi yameegemezwa ukutani hadi usawa wa dirisha, gata imejaa majani makavu, na nyuma ya jiko kuna rundo la maranda lililobaki tangu dingdong, mashine ya kuhamahama ya kupasulia mbao, ilipohama. Shamba limekingwa, nyumba imeachwa wazi.

Nyumba nyingi zilizo jirani na miti haziungui kwa sababu moto mkubwa umezifikia. Huunguzwa na cheche. Moto ukishapanda kwenye vilele vya paina, upepo hubeba cheche mamia ya mita mbele, na magome ya milingoti (mikaratusi) yanayoning'inia kama mikanda yanaweza kupaa yakiwaka hata kilomita nzima. Barabara ya moto ya mita 10 haizuii kinachopita hewani. Cheche ikitua kwenye bati tupu au udongo mtupu hufa palepale. Ikitua kwenye gata yenye majani ya paina, baada ya dakika chache papi na kenchi za paa zimeshika, na hizo nazo ni mbao za paina.

Kwa hiyo kazi inaanzia juu, kisha inashuka na kwenda nje. Wengi wanaifanya kinyume.

Panda na ndoo, toa majani ya gata kwa mkono. Usidanganyike na unyevu: majani ya paina hugandamana kama mkeka, tabaka la chini likawa jeusi na bichi huku la juu ni kavu kabisa. Mtu anatia kidole chini, anasema "bado maji haya", anashuka. Linaloungua ni la juu. Chukua konzi ya majani ya juu uyakunje: yakivunjika kwa mlio, yako tayari kuwaka. Ukiwa hukohuko juu, kagua chini ya kofia ya bati na matundu ya mawimbi ya bati pale yanapokutana na ukuta. Upepo husukumia majani humo, na panya humalizia kwa kujenga kiota. Ziba kwa mota ya simenti, au kama unataka hewa ipite, weka wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 3. Wavu wa kuku una matundu makubwa mno, na neti ya plastiki ya mbu huyeyuka kabla hata moto haujafika.

Ukishashuka, pima mita moja na nusu kutoka ukutani, kuzunguka nyumba yote. Ndani ya hapo kusiwe na kitu kinachoungua: si kuni, si mabanzi, si magunia ya mkaa, si mkeka wa mlangoni, si maua yaliyokauka. Udongo uliofagiliwa, kokoto au saruji. Bibi zetu waliofagia uwanja kila asubuhi mpaka udongo ukawa mgumu kama sakafu walikuwa mbele yetu kwa hili. Kuni na mabanzi yahamie mita 10 au zaidi, yasikae upande wa chini wa mteremko, na ukiweza yafunike kwa bati. Ua wa mabanzi uliounganishwa na nyumba ni utambi: moto unashika mwisho wa ua huko kwenye nyasi, unatembea taratibu mpaka kwenye ukuta. Huna haja ya kubomoa ua wote. Toa mita 2 za mwisho, jenga matofali au weka geti la chuma. Jiko la nje lililoezekwa kwa nyasi nalo lisigusane na nyumba.

Kati ya mita moja na nusu na mita 10 hakuna fumbo. Nyasi zisizidi sentimita 10, na hapo ndipo bustani inapofaa: viazi, maharage, kabichi, mboga zinazomwagiliwa. Parachichi linafaa pia, mradi unazoa majani yake yaliyoanguka. Angalia mabondeni Makete, Njombe na Mufindi wakati wa sakitu (baridi inayogandisha umande), Juni na Julai: nyasi iliyokuwa kijani jana, baada ya usiku wa baridi kali inageuka kahawia, na baada ya siku chache za jua inawaka kama karatasi. Anayesubiri Agosti aone nyasi imekauka ndipo afyeke, amechelewa. Fyeka Aprili mwishoni na Mei, mvua zinapokatika, halafu rudia mara moja baada ya sakitu.

Sasa miti yenyewe, kutoka mita 10 hadi 30. Hapa ndipo panapouma, kwa sababu mti ni fedha.

Moto wa chini, unaotembea kwenye nyasi na majani makavu, watu wenye matawi mabichi na majembe wanaweza kuupiga ukazima. Uliopanda vileleni hauzimwi na kijiji. Tofauti kati ya hiyo miwili ni ngazi: nyasi ndefu hugusa kichaka, kichaka hugusa tawi kavu la chini, tawi hugusa kilele. Kazi yako ni kuvunja ngazi hiyo. Kanuni rahisi ni kwamba nafasi kati ya kichaka na tawi la chini kabisa iwe mara tatu ya urefu wa kichaka. Kichaka cha mita moja kinataka matawi yaanzie mita 3 juu yake, yaani mita 4 kutoka ardhini. Mara nyingi ni rahisi kuking'oa kichaka.

Kupogolea fanya kwa msumeno, si kwa panga. Panga huchana gome, utomvu unatiririka kwenye shina, na utomvu huulisha moto kama mafuta. Tawi nene lianze kukatwa kwa chini, theluthi moja ya unene wake, kisha malizia kwa juu, lisije likaanguka na kuchuna gome mpaka chini. Kata karibu na shina bila kuacha kigutu, lakini usikwangue ule uvimbe mdogo tawi linapotokea. Mti mchanga usiunyang'anye zaidi ya nusu ya urefu wake wa majani mabichi, utadumaa. Miti ya miaka mitatu au minne pogolea hadi mita 2, ukirudi tena baadaye upande hadi mita 4. Majani yakibanana sana, matawi ya chini hufa yenyewe, lakini paina haiyaangushi. Huyaacha yakining'inia makavu miaka mingi. Shamba linaonekana limepogolewa na kivuli, kumbe limejaa utambi.

Nafasi ni hesabu. Waliopanda 3 kwa 3 wana miti kama 450 kwa ekari. Waliopanda 2 kwa 2, na ni wengi vijijini, wana zaidi ya 1,000. Karibu na nyumba vilele visigusane: acha mita 3 kati ya ncha za matawi ya kilele kimoja na za kingine mahali tambarare, na mara mbili yake kwenye mteremko. Kama ulipanda 3 kwa 3 na vilele vina upana wa mita 3 hivi, maana yake ubaki na 6 kwa 6, mti mmoja katika kila minne. Kwenye kipande cha mita 20 kwa 50 kati ya shamba na nyumba kuna miti 111, utabaki na 28. Hizo 83 uza mirunda, nguzo za ua au kuni. Usizikate zote mwaka mmoja kama shamba ni la zamani na limebanana: miti iliyozoea kuegemeana ikibaki peke yake huangushwa na upepo, na mti ulioanguka ni kuni nyingine. Gawa mara mbili, mwaka huu na mwaka kesho.

Kila mti una tabia yake. Kisiki cha paina hakichipui. Cha mlingoti kinachipua kwa hasira, hivyo ukikata usiondoke, rudi kung'oa machipukizi yakiwa usawa wa goti, tena na tena mpaka kisiki kichoke. Milingoti iliyobaki, chuna mikanda ya magome mpaka mkono unapofika na uizoe iliyoanguka. Miwati, miti ya jamii ya migunga, ina balaa lake: mbegu hulala ardhini miaka mingi na moto huziamsha. Ukichoma eneo la miwati ili "kulisafisha", msimu wa mvua utapata miche kama ulipanda mtama. Ing'oe kwa mkono udongo ukiwa umelowa. Na mianzi ya ulanzi isiyosafishwa, yenye mianzi iliyokufa katikati na maganda makavu chini, ikishika moto hupasuka kwa mlio na kurusha cheche kila upande. Msimu wa kugema ukiisha, ingia kwenye shina la mianzi na msumeno, toa iliyokufa yote.

Kilolo, Makete na sehemu kubwa ya Mufindi nyumba hukaa mgongoni mwa kilima, na shamba liko chini yake. Moto hupanda mlima kwa kasi: kwa kila nyuzi 10 za mwinuko, mwendo wake huongezeka karibu mara mbili, kwa sababu miale hukausha kilicho mbele kabla haujafika. Mchana upepo wa bondeni nao hupanda. Hivyo vipimo vyote hapo juu, upande wa chini wa nyumba vizidishe mara mbili. Upande wa kusini-mashariki nao, ambako upepo wa kiangazi hutokea zaidi, uangaliwe kwanza. Ukiwa na fedha au nguvu kidogo, tumia huko.

Taka zilizokatwa ndizo huharibu kazi iliyokwisha fanyika. Mtu anapogolea vizuri, anaacha matawi chini yakiwa yamesimama juu ya vijiti vyake, usawa wa kiuno, na kabla ya Septemba amejitengenezea moto mbaya kuliko wa mwanzo. Matawi yakatekate vipande vya mkono mmoja, yalale yaguse udongo, yasizidi usawa wa kifundo cha mguu. Yakigusa udongo yananyonya unyevu na kuoza. Ukiyapanga kwa mistari kukinga maji mteremkoni, acha uwazi wa mita 3 kila baada ya mita 10 hivi, la sivyo mstari wote unakuwa barabara ya moto kwa maana isiyotakiwa. Majani ya paina yanafaa kwenye viazi au chini ya miparachichi, mbali na ukuta. Maranda wape wafuga kuku. Rundo kubwa la unga wa mbao usilichome kamwe: juu linaonekana limezima, ndani linafuka wiki kadhaa, na siku ya upepo linafumuka.

Kama lazima uchome, choma kabla ya Juni. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali kabla ya kuchoma uoto nje ya eneo la makazi yako, basi pita kwa mtendaji wa kijiji na uwaambie majirani siku na saa. Rundo lisizidi mita moja na nusu kwenda juu, lizungushie mita 3 za udongo mtupu, na usiliweke chini ya matawi wala juu ya kisiki. Moto unaweza kuingia kwenye mizizi ukatembea chini kwa chini na kutokea pengine. Watu wasipungue watatu, na bomba la mgongoni la lita 16 liwe limejaa (lioshe kwanza kama lilipulizia dawa). Asubuhi upepo umelala, lakini utaamka saa nne, kwa hiyo marundo madogo mengi yanayokwisha haraka ni bora kuliko moja kubwa. Mwisho mwaga maji, fukua, mwaga tena, kisha pitisha nyuma ya kiganja juu ya majivu. Ukihisi joto, bado. Majivu ya jikoni vilevile: makaa huishi ndani yake siku kadhaa, na pembeni mwa shamba ndipo watu wanapoyamwaga.

Kuna suala la jirani asiyekuwepo. Mashamba mengi yaliyogusana na nyumba ni ya watu wanaoishi mjini, na hayajapogolewa tangu yapandwe. Kulalamika Oktoba hakusaidii. Barua ya kijiji imfikie mwezi wa tatu, ikiwa na pendekezo si vitisho: kikundi cha kitongoji kitafyeka na kupogolea ukanda wa mita 30 mpakani, kuni na mirunda ni malipo yao. Wengi hukubali, maana paina iliyopogolewa hutoa mbao isiyo na vifundo. Miti iliyoegemea nyaya za umeme msiiguse wenyewe, itaneni na TANESCO mapema.

Kuanzia Agosti mpaka mvua ya kwanza, kazi hupungua lakini haiishi. Gata kila Jumamosi. Mpira wa maji wa mita 20 ubaki umefungwa kwenye bomba, na simtanki isikae ndani ya nyasi, maana huyeyuka na maji yote kwenda. Namba ya zimamoto, 114, iandikwe mlangoni pa jiko. Na moto ukionekana vileleni, funga madirisha, toa wazee na watoto, ondokeni kwa njia inayoshuka mbali nao. Reki muiache hapohapo uani.