Viti viwili vinatosha kuanzia

Dada, unauliza uanze saluni yako na viti sita hapo Ntinda, Kampala, au viwili. Mimi ningeanza na viwili, draya moja, sinki moja. Kinachoua saluni changa ni kodi: wenye nyumba wengi Kampala wanataka miezi kadhaa mbele. Halafu umeme wa Yaka, ule wa kulipia kabla, ukiisha, draya inazima mteja akiwa na rola kichwani (yalinikuta, nikamsindikiza kwa jirani taulo mkononi!). Wasusi walipwe kwa kichwa, mshahara baadaye. Rasta za kusukia chukua kwa jumla Kikuubo, kule kwenye maduka ya jumla mjini, nyeusi kwanza, hizo za zambarau zinalala. Kiti cha tatu nunua wateja wakianza kusubiri mlangoni kila Jumamosi. Desemba usiihesabu, Desemba hata saluni mbovu inajaa.